Kibuyu cha Mama Chebet

Nilienda Keringet kwa sababu mchumba wangu Chebet alikataa katakata kuolewa na mtu ambaye mamake hajamwona. Mimi hufundisha sanaa hapa Nakuru, na wakati huo nilijiona najua vitu vizuri kuliko binadamu yeyote.

Tulitoka asubuhi. Njiani, Molo ilikuwa na baridi ya kukausha masikio, na Chebet hakuacha kunionya. "Ukipewa mursik, yale maziwa yetu ya kibuyuni, kunywa. Usianze mambo zako za chuo." Nikamwambia atulie.

Keringet, sebuleni kwa kina Chebet. Mama alitoka jikoni na kibuyu kirefu kilichovishwa ngozi na shanga, akaninyooshea. Jamani, macho yalinitoka! Chuoni tulifundishwa kwa picha za Ulaya: kazi nzuri haiguswi, hutazamwa kwa mbali. Basi nikarudi nyuma, mikono mgongoni, kichwa upande.

"Mmm," nikasema. "Hiki kingewekwa kwenye kabati la kioo."

Mama alibaki amenyoosha mkono. "Chebet, huyu anaogopa maziwa yetu?"

"Hapana Mama, anatazama tu."

"Anatazama nini na hakijafunguliwa?"

Chebet akanikanyaga. Nikaona mke ananiponyoka hivi hivi.

"Nasifu shanga, Mama," nikajitetea.

"Shanga alishona jirani, tukipiga stori. Kazi yangu iko ndani."

Akatoa kifuniko, akanisogezea kibuyu puani. Nikasikia moshi mtamu. Akanieleza anavyosugua ndani kwa kijiti kilichoungua, mpaka masizi yakolee, ndipo atie maziwa. Nilikuwa nimesifu nguo, aliyeivaa hata sijamsalimia! Nikaona haya kweli.

Akanimiminia kikombe, nikanywa. Mama akamimina kutoka kibuyu kingine, hakina hata shanga moja. "Na hii?"

Nikafumba macho, nikanywa polepole. "Hii imeshinda ile, Mama. Moshi wake umetulia."

 Mama akachukua vikombe, akaenda jikoni.

Njiani kurudi sikuwa na raha, maana sikujua kama nimekubaliwa. Nilimwambia Chebet nimejifunza kwamba kabla ya kusema kitu ni kizuri, niulize wenye nacho wanapima uzuri wake wapi. "Umejifunza umechelewa," akanijibu, akaangalia dirishani.

Tulipoingia Nakuru simu yake ikalia. Mama alipaza sauti hata mimi nikasikia. "Mwambie alete wazazi. Na awafunze kabisa, wasije kunitazama kwa mbali kama watu wa kununua ng'ombe!"