Dua kwa Meneja Wangu

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa sauti ya kumsifu, na alipoanza kuchukua meno akaiacha sauti mahali pake.

Nilipofungua lebo yangu ya kaswida, chumba cha nyuma cha nyumba yetu hapa Pasiansi kikawa studio. Tuliegemeza magodoro ukutani, na mke wangu akakubali kutotwanga chochote wakati ninarekodi. Mkurugenzi nilikuwa mimi, mwimbaji mimi, msambazaji mimi, na wote watatu tulielewana vizuri. Shida ilikuwa moja: sikuweza kumkatalia mtu. Kila aliyeniita kwenye maulidi au akika ya mtoto nilimwitikia, na albamu ikakwama kwenye kaswida ya pili.

Ndipo nikamwajiri meneja. Nilinunua laini nyingine, nikaweka namba hiyo kwenye ukurasa wa lebo, na ikilia nilikaza koo nikazungumza kama kijana.

"Kaka meneja, mambo?"

"Poa," nilijibu, mimi mwenye wajukuu tisa.

"Tunamtaka mzee Ijumaa, Buhongwa."

"Mzee yuko studio. Haiwezekani."

Meneja alikuwa mkali, sijui alilelewa na nani. "Huyo mwanao wa kwenye simu atakuja kukuaibisha," mke wangu alisema. Nikamwambia huo ndio utaratibu wa kazi ya muziki. Albamu ilisonga, na mimi nikashukuru kana kwamba Mungu ndiye aliyenishauri.

Kisha yakaja maulidi ya Sengerema. Meneja alimkatalia mwenyekiti wa kamati mara mbili. Mara ya tatu akalegea. Nikavuka kwa kivuko, kanzu yangu imekunjwa kwenye mkoba. Mbele ya mkeka walikuwa wameweka viti viwili.

"Shikamoo, mzee," mwenyekiti alinipokea.

"Marahaba."

"Meneja yuko wapi? Kiti chake hiki."

Ulimi ukanitangulia. "Anaumwa."

"Pole yake! Anaumwa nini?"

"Koo."

Niliimba vizuri, namshukuru Mungu. Nilipomaliza, mwenyekiti akachukua maikrofoni. "Ndugu zangu, meneja wa mzee wetu ni mgonjwa. Mzee, tuongoze tumwombee dua."

Mikono yote ikainuka. Watoto wakafumba macho. Nami nikainua yangu, nikafungua kinywa, na maneno yakagoma. Watu nilikuwa nimezoea kuwadanganya kwa simu. Lakini sasa nilitakiwa kumwomba Mungu amponye mtu ambaye hakumuumba.

"Hakuna meneja," nikasema. "Aliyekuwa akiwajibu ni mimi."

Kisha upande wa wanawake bibi mmoja akapaza sauti: "Basi dua iendelee! Mgonjwa ni huyu hapa, tumeshamwona!"

Wakacheka, kisha wakaniombea kweli, na aliyeongoza alikuwa mwenyekiti. Baadaye akaniinamia sikioni. "Mara ya pili ulinikatia simu, mzee."

"Nilikukatia. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila sahani ya meneja utaila wewe, imeshapakuliwa."

Nikaila pilau yote, baada ya kumaliza yangu.

Ile laini nimeizima. Anayetaka kaswida sasa hunipigia mimi, huniamkia kwanza, na akishaniamkia nashindwa kumkatalia. Albamu iko kwenye kaswida ya tano, na mkurugenzi amelalamika mara kadhaa.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulindie koo na ulimi, na akujaalie watu wa kukuombea wakijua wanamwombea nani. Amina.