Mlango wa Stoo ya Mashuka

Nakiri mapema: niliamini kwamba mtu anayejifungia mlango lazima ana cha kuficha. Nilikuwa na shahada na usimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali, lakini mfuaji mmoja alinishinda kumsoma.

Wenzake walimwita Mama Povu. Kila mchana, wengine wakienda kula, yeye aliingia stoo ya mashuka safi, akatia komeo. Alitoka baada ya dakika ishirini, macho mekundu. Mashuka kumi na moja yalikuwa hayaonekani, na mkuu wangu alitaka jina la wa kufukuzwa kabla ya Ijumaa. Jina nilikuwa nalo.

“Msomi,” mpiga pasi alinitania aliponikuta nimetega sikio mlangoni, “humo hamna mwanamume. Mashuka tu.”

“Anaongea na nani basi?”

“Si umuulize? Au chuoni hamkufundishwa kubisha hodi?”

Nikabisha. Mama Povu akafungua, magoti yamejaa vumbi la saruji.

“Mama, unafanya nini humu?”

“Nakaa na Yesu, baba.”

“Kanisa halitoshi?”

“Kanisani wananijua wengi. Humu ananijua Yeye tu.”

Jibu lile nililiona limeandaliwa. Mimi niliyebatizwa nikiwa mchanga, ninayekaa benchi la nyuma nikiitazama saa, nilijua jinsi dini inavyoweza kuvaliwa kama aproni. Nikamwamuru afungue mkoba mbele ya wenzake. Ndani yake mlikuwa na leso, kitana na Agano Jipya lisilo na jalada.

“Haya, mpekue na roho,” mpiga pasi akaguna.

Mama Povu akarudisha vitu vyake mkobani. Nami nikaenda kuandika barua ya kumwachisha kazi.

Ilikuwa bado haijatiwa saini nilipopita wodini na kumkuta muuguzi akimfunika marehemu. Machela ikasukumwa kuelekea chumba cha maiti.

“Shuka hilo hurudi lini?” nikauliza.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa na mtoto. “Linakwenda naye.”

Daftari la mashuka nililibuni mwenyewe, nikalisifia mwenyewe, na ndani yake hamkuwa na safu ya wafu. Nikaichana barua, nikaenda kumwomba radhi.

“Yameisha, baba,” akasema, akarudi kwenye beseni lake.

Wepesi ule ulinitia shaka upya. Asiye na hatia husamehe haraka namna ile?

Jibu nilipewa na binti yake, miaka mingi baadaye, mama akiwa amekwisha kustaafu. Mara ya kwanza Mama Povu kuingia stoo ile, aliingia kuiba. Alikwisha kujifunga mashuka mawili kiunoni, chini ya gauni, mkono ukakataa kufungua komeo. Akapiga magoti vivyo hivyo, mashuka yakiwa bado mwilini, akaomba kwa mara ya kwanza maishani mwake.