Kobe Wangu Ni Wawili Tu

Naandika haraka haraka, mnisamehe nikikosea herufi.

Leo nimemaliza banda la kobe wangu wawili hapa uani, mtaa wa Mabawa. Beseni la maji nimelifukia ardhini. Pembeni nimerundika makumbi ya nazi, nikawaachia pango dogo la kujificha jua.

Jirani yangu Bi Mwanahawa alichungulia ukutani. "Makumbi hayarundikwi uani, mwanangu. Utamwita mgeni usiyemtaka."

Nikacheka. Mimi na ujuaji wangu!

Saa kumi jioni nikawapelekea mchicha. Hakuna aliyetoka. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono pangoni mpaka kiwiko.

Ndani kitu kikapuliza: fsss!

Wala sikushtuka. Kobe akiogopa hupuliza pumzi hivyo hivyo. "Tulia baba, ni mimi," nikasema, huku nazidi kupapasa.

Fsss!

Nyuma yangu maji yakachapa. Nikageuka.

Kobe wote wawili wamo kwenye beseni, wananitazama.

Na mkono wangu bado uko ndani.

Nimeuchomoaje, sijui. Sasa hivi nimekaa juu ya ukuta, na Bi Mwanahawa mwenyewe hacheki.

Jamani, nani anamjua mtu wa kutoa nyoka hapa Tanga? Semeni upesi. Kobe wameshaanza kutoka majini, wanarudi kwao kulala.