Filamu Bubu ya Baba Neema

Ukitaka useme ujane umenichanganya, sema. Majirani hapa Ilomba walishasema, nimezoea. Lakini haya yalinipata mchana, na shahidi wangu yupo hai Iringa.

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa na banda la video. Kazi yake ilikuwa kutafsiri: anazima sauti ya filamu, anashika maiki, anaongea yeye. Siku moja akapata filamu za majambazi za mfululizo, za zamani kabisa, tangu sinema hazijajua kuongea. Jambazi kajifunika uso, mpelelezi mwanamke anamfukuza juu ya mapaa. Kuziangalia ni kazi, niamini. Picha zinarukaruka, maandishi ya Kizungu yanakatiza kila mara, wateja wakaanza kutoroka.

"Hii haina mdomo, Mama Neema," akaniambia. "Nitaipa wangu."

Haikupita wiki, watu wakawa wanasimama mpaka mlangoni. Alikuwa na utaratibu wake. Picha ikifika pabaya anaisimamisha, anauliza, "Niendelee?" Watu wakiitika, anaendelea. Mmoja tu akisema inatosha, anazima, kesho tena.

Akafa kabla hajaitafsiri sehemu ya mwisho. Maradhi yalimchukua haraka, hata kuagana hatukuagana.

Nikaamua kuuza vyombo vya banda. Akaja mfanyabiashara kutoka Iringa, mzee wa kanzu, mstaarabu. Mvua inanyesha. Nikachomeka flashi ajaribu tivi na spika, ikatokea ile sehemu ya mwisho. Maiki ilikuwa kwenye boksi.

Spika ikaongea. Sauti ya Baba Neema, na kile kikohozi chake cha kuanzia! Mzee akatabasamu, akadhani imerekodiwa. Jambazi akatimua mbio, sauti ikamtania kwamba anakimbia kama aliyesikia ugali umeiva. Kisha ikasema, "Mgeni wetu wa Iringa, hicho kiti mguu umelegea. Kaa vizuri."

Kiti kilikuwa kimelegea kweli. Mzee akaacha kutabasamu.

Mpelelezi akamkamata jambazi, akashika kitambaa cha usoni. Picha ikasimama yenyewe.

"Niendelee?"

Nilijua naulizwa mimi. Nikafungua mdomo, nikaangua kilio. Wewe ungeweza? Mzee wa watu akainuka.

"Inatosha, mama. Inatosha."

Halafu sauti ikasema taratibu, "Haya. Mama Neema, mimi nimeishia hapo."

Vyombo sikuuza. Mzee hunitumia salamu, lakini Ilomba hakanyagi. Kila alasiri naweka sehemu ile, na ikifika kwenye kitambaa nasema endelea, endelea, mpaka Neema anakuja kunishika mkono. Sauti hairudi tena; jambazi anafunuliwa uso, nami sijui hata ni nani, maana hakuna wa kuniambia.

Wewe unayenisikiliza, marehemu wako akikuuliza neno, jibu kwanza. Utalia baadaye. Muda wa kulia upo tele.