Miti Mbili kwa Mudomo wa Buse

Siku ya kwanza ya kazi, shefu kantonie hakuniuliza diplome. Ilikuwa bahati yangu, juu masomo niliachia mwaka wa tatu. Mwalimu alikuwa anapiga sana, lakini hiyo ni habari ingine. Kantonie ni mutu wa kulinda barabara, kila mutu na kipande chake. Shefu alinitembeza kipande changu asubui yote, kisha akasema:

«Taja maji yote tumevuka.»

Nikataja saba.

«Na yenye hukuona?»

Alikuwa anasema buse, yale mabomba makubwa yenye kupitisha maji chini ya barabara. Pembeni ya kila mudomo wa buse tulipanda miti mbili ya majani marefu, yenye haikaukake hata kiangazi, ili mwenye kuja nyuma ajue mahali pa kutoa udongo mbele ya mvua. Nilifanya vile Lweba, kisha Fizi, chini ya kondikta mumoja, musimamizi wa kazi, mukali mwenye kupenda ndizi za kuchoma. Akili yetu haikuvuka mulima, nakubali. Lakini hata bamama ba soko walijua: penye miti mbili, maji iko inapita.

Kisha vita. Tulikimbia, tukarudi, nikazeeka.

Leo batoto banajua mengi kunipita. Mujukuu wangu Sifa ananionyesha kwa telefone mafuriko ya inchi ya Chine. Lakini mvua ya mwaka jana ilikata barabara yetu, mama mumoja wa mimba akakwama ng'ambo, mutoto akamufia tumboni. Nilienda kuangalia. Buse ilijaa udongo. Miti yetu mbili ilikuwa palepale, imefyekewa vizuri, na musalaba wa fimbo katikati. Vijana walizani ni kaburi. Waliiheshimu.

Sasa Sifa naye iko na mimba ya miezi nane, na mawingu inajikusanya. Juzi nilibeba jembe mpaka kwenye miti ingine mbili. Motari mumoja, mwenye kubeba batu kwa pikipiki, akasimama.

«Muzee, unafukua maiti?»

«Ni buse, mutoto yangu.»

«Uko na hakika?»

Nilitaka kumucheka. Kisha nikakumbuka: wakati wa vita sisi wenyewe tulizika batu pembeni ya barabara, mbiombio, na tukapanda miti ileile, juu ndiyo tulizoea kupanda. Shefu alikufa. Kondikta alikufa. Sikuwa na wa kuuliza.

Niliweka jembe kwa bega, nikarudi. Sifa akaniuliza kama barabara itapitika.

Nilimwambia sijui.