Nguzo Isiyo na Namba

Mtaa wetu uko Bagamoyo, hii ya Tukuyu, isiyo na bahari wala watalii. Ina ukungu na maduka tu. Nyuma ya kibanda changu cha viatu vya mitumba kuna kinjia kinachopanda kuelekea hospitali, upande wa Makandana. Katikati ya kinjia hicho jirani yangu, mjane wa umri wa dada yangu mkubwa, alikuwa akiuza ndizi za kupika na maharage kila jioni. Wateja wake walikuwa ndugu wa wagonjwa. Wanatoka kumwona mtu wao, wana njaa, hawana hamu ya maneno. Mjane hakuwa na biashara nyingine. Shamba la marehemu mumewe lilikwisha kugawanywa na mashemeji, na yeye hakuitwa kwenye kikao.

Watu walipita njia ile kwa sababu ilikuwa na taa. Bila taa ni matope, mfereji na mbwa wa watu. Na taa yenyewe haikuwekwa na halmashauri. Tuliichangia wenyewe: huyu alitoa mti wa mkaratusi, yule akatoa waya, fundi wa mtaani akaunga kutoka laini ya barabarani, na ile taa ya njano ikapatikana kwa namna ambayo hakuna aliyeuliza. Ikawaka. Hakuna aliyekuja kutudai, nasi hatukwenda kujitambulisha.

Siku moja wakaja vijana wawili wenye vizibao vya kung'aa, wanahesabu taa za mji. Habari ilitufikia wakiwa bado mtaa wa juu. Tukakusanyika kwa mjane.

"Hao ni watu wa umeme," alisema mwenye duka la vipodozi. "Wanasaka wezi. Wakiiona ile, mtaa mzima tunalala ndani."

"Wewe ulale ndani, nani atakupokea?" fundi akamjibu. "Mahabusu kwenyewe wanachagua."

Mjane alikuwa ameshika mwiko. "Mwe bandu, enyi watu, mnabishana nini? Ishusheni. Wakipita, ipandisheni."

Mimi napenda kupiga hesabu mara mbili. Nilipiga, nikarudia, majibu yakaja yaleyale: ishushwe. Fundi akapanda, akaishusha pamoja na waya wake. Mjane akaifunga taa kwenye khanga, akaisukuma chini ya kitanda chake, kisha akafunga kamba kwenye ule mti na kuanika mashuka.

Vijana wakafika. Mmoja akautazama mti, akapandisha macho hadi juu.

"Mama, huu mti wa nini?"

"Wa kuanikia, baba."

"Mbona mrefu hivi?"

"Wewe ni mgeni huku. Jua letu liko juu sana, lazima ulifuate."

Wakacheka, wakaenda zao. Jioni ile mjane alitugawia maharage bure, na usiku haujaingia taa ilikuwa imerudi juu, inawaka. Tulijiona wajanja kuliko wilaya nzima.

Tulianza kushtuka zilipoanza kuonekana namba. Kila nguzo ya barabarani ilipigwa namba kwa rangi nyeupe. Mti wetu haukupigwa. Baadaye yakabandikwa masharti ya mkandarasi atakayebadilisha taa za zamani kuweka za LED. Niliyasoma ubaoni mpaka mwisho, nikarudi juu nikaanza upya. Kazi isimame mvua ikinyesha. Aliyeandika hilo hajawahi kulala Tukuyu. Taa zinazoshushwa zikabidhiwe ghalani zikiwa nzima. Halafu hili: taa mpya ifungwe tu kwenye nguzo yenye namba, na waya wowote usiotambuliwa katika hesabu ukatwe.

Wale vijana hawakuwa wakisaka wezi. Walikuwa wakiandikisha wa kupewa.

Mjane alinijia kibandani. Hakukaa.

"Wewe ndiye unayejua kubembeleza bei. Nenda ukaongee nao. Ile taa ikizimwa, mimi sina pa kuuzia."

Nilimkuta msimamizi wa mkandarasi kando ya gari lao, anatafuna karanga, mvua imewasimamisha. Nilianza mbali kama ilivyo kawaida yangu: hali ya hewa, mpira, ubora wa buti zake. Kisha nikaingia.

"Kaka, kuna taa moja mmeisahau."

"Ina namba?"

"Namba si rangi tu? Kopo mnalo hapo."

"Mzee, kila namba iko kwenye orodha, na kila taa mpya imetoka ghalani kwa namba yake. Nikikufungia wewe, kuna nguzo nyingine itabaki bila. Nichague ipi? Ya mlango wa wodi?"

"Basi tuachie hiyohiyo ya zamani."

"Ya zamani imeungwa kwenye laini yangu. Mkaguzi akikuta waya wa mkia, wa kuungia pembeni, hapokei kazi yote."

"Ufumbe macho siku moja tu."

"Nikifumba macho nafukuzwa mimi. Utanilisha?" Alinipa karanga kiganjani. "Waliohesabu walipita kwenu. Mliwaambia nini?"

Nilizitafuna zile karanga. Nimeshawahi kuuza kiatu cha kushoto pekee kwa mtu mwenye miguu miwili, lakini pale sikuwa na la kuweka mezani. Nilichopata ni kwamba mti hawataung'oa, kwa kuwa ni mali yetu.

Walikata waya asubuhi iliyofuata, kistaarabu kabisa, na taa yetu wakatukabidhi mkononi, maana nayo haikuwa kwenye orodha ya ghala. Barabarani taa mpya zikawaka nyeupe, mwanga mpaka unaona nyusi za mtu. Ndugu wa wagonjwa wakaanza kupita huko, na huko kulikuwa na wauzaji wenye nafasi zao za siku nyingi. Mjane alijaribu kukaa pembeni yao. Wakamwambia dada, hapa pana wenyewe. Alirudi kwenye kinjia na tochi ya simu. Nilikuwa nikinunua sahani yangu, halafu sahani ya pili ambayo sikuihitaji. Siku moja akaniambia, "Huwezi kuwa hospitali nzima wewe." Hakupika tena.

Alihamia Mpuguso, kulima vibarua kwenye migomba ya watu. Nilimwona tena siku ya soko, nimepeleka mzigo wangu kule. Amekonda, matope mpaka magotini. Akachagua buti za mpira, akazikunja soli kuona kama zimepasuka, akataja bei ya matusi kabisa.

"Chukua," nikamwambia.

Akaziweka chini.

"Tangu lini wewe unakubali bei ya kwanza? Nimekuwa ombaomba?"

Nikamwambia bei yangu, ya juu, pamoja na uongo wangu wa kawaida kwamba buti hizo zimetoka Ujerumani. Akasema Ujerumani gani yenye kiraka kisiginoni. Nikamwambia aende basi akanunue za mwenzangu. Akaondoka hatua chache, akarudi, akaongeza kidogo, na tukaendelea hivyo mpaka mvua ikaanza na wenzangu wakawa wanafunika bidhaa zao. Mimi nikaziacha zangu zinyeshewe.