Seva Iliyolala Jumapili

Pius alikuwa na ubishi wa kuudhi. Ukimwambia jambo limekwisha, yeye analifungua tena alikague. Mimi, Ibra wa Mombasa, fundi wa majokofu kwenye ghala la dawa hapa Jeddah, nilimchoka mapema. Yeye alikuwa Riyadh, ofisi kuu, akitunza kompyuta za kampuni. Tulijuana kwa simu zaidi kuliko kwa sura.

Mwaka jana bosi alimpa kazi: aweke programu ya kuchunga seva yetu, ile inayopokea vipimo vya joto vya majokofu ya insulini. Jokofu likipata joto, nitumiwe ujumbe kwenye simu. Usiku, na Ijumaa na Jumamosi kutwa, mlinzi alikuwa akipita kusoma vipimo kwa macho. Mchana wa siku za kazi ndio ulioachiwa mashine. Mkataba wa Pius ulikuwa ukingoni. Bosi alisema wazi: mfumo ukikaa mwezi bila dawa kuharibika, ikama yake, kile kibali cha kukaa, inafanywa upya, na mkewe Monicah, aliyemngoja Machakos miaka miwili, ataletwa. Ukishindwa, halas, imekwisha, anarudi kwao.

Kuiweka hakukumtoa jasho. Aliingia kwenye seva akiwa kulekule Riyadh, akaandika amri, vifurushi vya programu vikashuka kimoja baada ya kingine na kujipanga vyenyewe. Programu ilikuja na mipangilio yake tayari, zikiwemo siku za kazi. Akapiga picha skrini, akanitumia.

"Ibra, bro, cheki hii vizuri kabla nifunge," akaandika.

Nikaisoma huku nakunywa chai. Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Nikamjibu: "Iko sawa. Funga, acha kunisumbua."

Msinicheke. Mtu aliyezaliwa hapa angeshtuka papo hapo, maana hapa wiki ya kazi inaanza Jumapili. Lakini sisi wawili, yeye Mkamba wa kanisani na mimi mtoto wa madrasa, tulisoma shule za Kenya, na huko wiki huanza Jumatatu. Miaka yote hii tunafanya kazi Jumapili, na vichwani mwetu bado ni siku ya mapumziko.

Jumapili ya tatu injini ya jokofu la pili ilikufa asubuhi, mlinzi akiwa ameshaondoka. Seva iliona joto likipanda ikanyamaza, kwa kuwa iliambiwa leo si siku ya kazi. Nilifungua mlango saa saba mchana. Maboksi yote yalikuwa yamepata joto. Hakuna mgonjwa aliyepewa dawa ile, alhamdulillahi, lakini yote ilitupwa.

Bosi alituita sote wawili kwenye simu ya video, akauliza ni nani aliyekagua ile mipangilio. Jibu langu lilikuwa kwenye simu ya Pius, pamoja na saa niliyolituma. Nina watoto wanne nyumbani Kisauni, wote wananitegemea. Nilitazama meza.

"Ni mimi peke yangu, bosi," Pius akasema. "Sikuuliza mtu."

Mbishi yule, siku hiyo hakubisha. Na mimi nilinyamaza. Naona aibu kulisema hili, lakini nilinyamaza.

Alipewa siku kumi aondoke nchini. Jioni ya safari yake nilimpigia kumwomba radhi.

"Wacha, Ibra," akasema. "Nimeirekebisha. Itakuwa inajitest yenyewe kila wiki."

Nilidhani ni mambo yake ya kompyuta tu. Jumapili iliyofuata, saa mbili kamili asubuhi, simu ikalia: ujumbe kutoka kwa seva. Unakuja kila Jumapili hadi leo. Watu wa ofisi kuu wangeweza kuuondoa kwa dakika moja nikiwaambia, lakini sijawaambia. Unasema: "Ibra, leo ni kazi. Cheki vizuri."